Mko wanane na usiku ni mmoja: New York, Chicago, New Orleans au Las Vegas?

Saa tano na nusu usiku, mtaa mmoja wa Manhattan, mwezi wa Oktoba. Tuko wanane kwenye foleni: mimi na mke wangu, binamu watatu waliotua wiki hiyo kutoka Tanga, shemeji, na marafiki wawili wa Nairobi. Tumesimama dakika arobaini. Baunsa anapokea kitambulisho cha binamu yangu mdogo, kile cha NIDA, anakigeuza mbele na nyuma, anakimulika kwa tochi, anamrudishia. "Pasipoti." Pasipoti iko hotelini, kwenye begi, chini ya doti za kanga alizotuletea. Picha yake ipo kwenye simu, lakini baunsa hataki hata kuitazama. Basi tukafanya kile ambacho kila kundi hufanya: tukaanza kubishana palepale kando ya barabara. Sita waingie, wawili warudi? Turudi wote? "Kaka, mimi nina njaa," akasema shemeji, na hoja yake ikapita. Tukala pizza ya kipandekipande tukiwa wima, saa saba usiku, na mpaka leo binamu yule akiulizwa habari za New York huanzia kwenye ile pizza.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza mji gani una klabu nzuri humjibu kwamba miji yote inazo. Swali la kundi ni jingine. Ni mji gani unaowaruhusu watu wanane, wenye mifuko tofauti, miguu tofauti na masikio tofauti, waingie mahali pamoja, wafurahi, warudi kulala bila kupotezana? Mtu peke yake hupenya popote. Kundi ni lori, na njia ya bodaboda haiwezi kuwa njia yake.

Nimechukua miji minne ambayo nimekesha humo zaidi ya mara moja. Miami na Atlanta sikuziacha kwa ubaya, ila sijazijua kiasi cha kumshauri mtu atoe nauli. Na kama utaniambia New Orleans si mji mkubwa, ni kweli, wakazi wake hawafiki laki nne. Ukishafika huko usiku wa Ijumaa tutaendelea na ubishi huo.

Nitapima kwa vigezo gani

Kwanza mlango: je, kundi linaingia lote? Pili saa: usiku unaisha lini? Tatu, njia ya kurudi kulala. Nne pochi, maana katika watu wanane hakosekani mwenye mshahara wa benki na mwenye kuhesabu senti. Tano muziki wenyewe. Sita ndicho kigezo ambacho wapangaji wengi hukisahau: yule asiyekunywa, au asiyecheza, au aliyekuja kwa sababu mumewe kaja, atakuwa anafanya nini saa zote sita za usiku?

Kabla ya hapo, kuna mambo ambayo ni yaleyale kote. Umri wa kunywa pombe ni miaka 21 nchi nzima. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliyabana majimbo kwa kutishia kuyakata fedha za barabara, nayo yakafuata moja baada ya jingine. Ndiyo sababu hata mzee mwenye mvi anaweza kuombwa kitambulisho, na asione kavunjiwa heshima. Mgeni abebe pasipoti yenyewe. Kama mna kijana wa miaka 19 kundini, lijueni hilo kabla ya kukata tiketi, maana mlango utawagawa.

Bei mnayoiona kwenye orodha haina kodi ndani yake. Bakshishi ni asilimia 18 hadi 20 mezani, na baa ni dola moja au mbili kwa kila kinywaji. Kundi la watu sita na kuendelea mara nyingi huwekewa bakshishi kwenye bili moja kwa moja, kwa hiyo someni kabla ya kuongeza. Sisi tumewahi kulipa mara mbili. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu na hakuna aliyetaka kuonekana anakagua risiti.

Na bangi: New York, Illinois (jimbo la Chicago) na Nevada (la Las Vegas) zimeihalalisha kwa watu wazima, Louisiana (la New Orleans) haijaihalalisha kwa starehe. Lakini sheria ya shirikisho bado inaikataza, na viza ni mambo ya shirikisho. Mwenye viza, au anayengojea kadi ya kijani, aipite mbali hata pale anapoona duka lina taa na risiti.

Mlangoni

Las Vegas wameufanya mlango kuwa biashara kamili. Klabu kubwa ziko ndani ya mahoteli ya barabara iitwayo Strip, na njiani utakutana na mapromota wakiandika majina kwenye simu. Hesabu yao haina kificho: wanawake wengi, mtaingia bure au karibu na bure, wanaume wengi, mlipe au mnunue meza. Vijana sita wa kiume wasitegemee huruma. Meza maana yake ni kununua chupa kwa kiwango cha chini kilichopangwa, kuanzia mamia ya dola hadi maelfu kulingana na dijei wa siku hiyo, kisha juu yake kodi na huduma. Inaumiza kuisikia. Lakini mkiigawa kwa wanane makali hupungua, na mnapata mahali pa kukaa, kitu ambacho saa nane usiku kina thamani kuliko mtu anavyodhani mchana. Kaptula, ndala na jezi za mpira ziacheni chumbani.

New York haina kanuni moja. Kila mlango una sheria zake, na baadhi ya milango ya Manhattan, hasa kule Meatpacking District, baunsa ndiye anayechagua sura ya usiku wake. Wanaume wanane waliojazana mlangoni si sura anayoitafuta. Brooklyn ni tofauti: kumbi nyingi za Bushwick na Williamsburg huuza tiketi mtandaoni, na mwenye tiketi huingia. Kwa kundi hiyo ndiyo dawa. Nunueni tiketi nane za tukio moja siku kadhaa kabla, na suala la nani anapendeza machoni pa nani linakuwa limekwisha.

Chicago milango ni myepesi. Ukumbi wa blues utalipa kiingilio, utaonyesha pasipoti, utapita. Sijawahi kuona mtu akiangaliwa viatu.

New Orleans hakuna mlango wa kuzungumzia. Kwenye Frenchmen Street kumbi zimepakana kama vibanda vya sokoni, milango wazi, muziki unamwagika hadi barabarani. Kwingi hakuna kiingilio. Sharti ni kununua kinywaji kimoja kwa kila awamu ya bendi, na ndoo ikipita mbele yako utie chochote kwa ajili ya wapigaji. Hii ina faida ambayo watu hawaioni mpaka wakiwa kundi: hamlazimiki kukubaliana. Wanne wakae ndani, wawili wasimame kwenye kizingiti, wawili wavuke kusikiliza matarumbeta ya kona, na bado mnaonana.

Saa

Hapa kuna mtego wa lugha kabla ya mtego wa sheria. Kundi lenye waliotoka nyumbani na walioishi Marekani miaka mingi lina saa mbili tofauti kichwani. Rafiki yangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp "tukutane saa kumi", akimaanisha saa nne usiku. Mmoja wetu alifika hotelini saa kumi jioni, kavaa suti, akakaa ukumbini kama mshenga. Andikeni kwa tarakimu, na muongeze neno usiku.

Kwa saa zetu, New York pombe husimamishwa saa kumi alfajiri. Chicago ina leseni za aina mbili. Baa ya kawaida hufunga saa nane usiku, na usiku wa Jumamosi saa tisa. Yenye leseni ya usiku mrefu huenda hadi saa kumi, na Jumamosi saa kumi na moja. Kwa hiyo Chicago ujue unaenda kwenye ipi, la sivyo mtajikuta barabarani watu kumi na mbili wakati nyimbo ndiyo kwanza zimekolea. (Nasema kumi na mbili kwa sababu kundi la Chicago daima hukua, kila mtu ana binamu pale.)

New Orleans na Las Vegas hazina saa ya kufunga kisheria. Baa zipo zisizofunga kabisa, na kasino za Vegas haziachi kwa sikukuu wala msiba. Hilo linavutia likisomwa, ila kundi lisilo na saa ya mwisho halina pia sababu ya kuondoka, na kesho yake hakuna anayeamka. Mkienda huko, jiwekeeni saa yenu.

Kurudi kulala

Treni za chini ya ardhi za New York hutembea usiku kucha. Nauli ni kama dola 3 kwa mtu, unagusisha kadi ya benki au simu kwenye lango. Usiku wa manane treni huchelewa na wikendi hubadilishwa njia, ila zipo, na gari lina watu: wapishi wanaotoka kazini, wauguzi, mabinti walioshika viatu mkononi. Teksi ya njano ya kawaida hubeba abiria wanne tu kwa sheria, kwa hiyo wanane ni teksi mbili, na teksi mbili ni mwanzo wa kupotezana.

Chicago njia mbili za treni, ya rangi nyekundu na ya buluu, hukesha. Nyingine hulala. Ukipanga malazi karibu na njia nyekundu umeshamaliza nusu ya matatizo. Majira ya baridi vituo vya juu vina taa za kupasha joto zinazowashwa kwa kubonyeza kitufe, na watu hujikusanya chini yake kama vifaranga vya wiki moja. Nimesimama hapo Februari, saa tisa usiku, na shemeji yangu wa Mombasa, aliyekuwa amevaa makoti mawili. Hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na yeye ni msemaji.

New Orleans mkilala French Quarter, mtaa wa kale wa mji, au jirani yake, mnatembea. Kutoka mwisho wa chini wa mtaa huo hadi Frenchmen Street ni dakika chache kwa miguu. Fuateni barabara zenye watu, na saa zikienda sana itisheni gari badala ya kukata vichochoro vilivyonyamaza. Miguu inatosha hapa, lakini mitaa iliyo tupu si ya kuchezea.

Las Vegas macho hudanganya. Hoteli unayoiona "hiyo hapo" iko nusu saa kwa miguu, kwa sababu majengo ni makubwa kupita kipimo ulichozoea, na Strip yenyewe ina urefu wa karibu kilomita 7. Teksi haisimamishwi barabarani. Ni lazima uende kwenye kituo chake mlangoni mwa hoteli. Basi liitwalo Deuce hupita saa 24. Mwenye viatu vya kisigino achukue na ndala kwenye mkoba, azivae baada ya klabu, maana mlangoni hazipiti.

Pochi

Tukio la usiku mara nyingi si gharama kubwa kuliko kitanda. Na hapa New York inalikaba kundi kooni. Tangu Septemba 2023 mji unasimamia kwa ukali upangishaji wa nyumba kwa siku chache: chini ya siku 30 mwenye nyumba lazima awepo, na wageni wasizidi wawili. Ile ndoto ya kukodi nyumba nzima ya Brooklyn, mkapika pilau na kulala wanane, kwa njia halali haipo. Ni vyumba vya hoteli, na vya New York mnavijua bei yake.

Chicago ndiyo rafiki wa kundi kwa upande huu. Nyumba za kukodi zenye leseni zipo, vyumba vitatu vinne, jiko lenye sufuria kubwa. Kiingilio cha blues ni cha kawaida, kinywaji hakitishi.

Las Vegas bei ya chumba hupanda na kushuka kama nyanya. Jumanne ya Novemba utadhani wamekosea, Jumamosi chumba kilekile ni mara mbili au tatu, na kwenye bei huongezwa ada ya hoteli ya kila siku ambayo mtu haelewi anailipia nini. Kinywaji kwenye klabu ni ghali. Ukicheza kamari ndani ya kasino huletewa bure, nawe ukishapoteza dola 60 unagundua bia ile haikuwa bure.

New Orleans muziki ni rahisi na malazi ni ya wastani, isipokuwa kipindi cha sherehe za Mardi Gras, Februari au mwanzoni mwa Machi, na wiki za tamasha la Jazz Fest mwishoni mwa Aprili kuingia Mei. Siku hizo bei huruka na vyumba huisha miezi kabla.

Popote mwendako, fanyeni kama wafanyavyo kamati za harusi: kila mtu atoe mchango sawa mwanzoni, awepo mweka hazina mmoja, na bili za pamoja zitoke humo. Ila wasiokunywa wachange pungufu. Msipolisema mapema litasemwa saa nane usiku.

Muziki

Nikiulizwa mimi binafsi, hiki ndicho kigezo. Vingine ni vya kumfikisha mtu hapa.

New Orleans. Mtu aliyekulia Tanga, Dar au Mombasa akisimama kona ya Frenchmen Street bendi ya vijana ikipuliza tarumbeta, tromboni na ile tuba kubwa inayovaliwa mwilini kama chatu, hatakuwa mgeni. Atakumbuka matarumbeta ya harusi juu ya pikapu, bibi harusi nyuma, mji mzima unapiga honi. Wazee wa pwani watakumbuka beni. Jumapili, kwa misimu mingi ya mwaka isipokuwa joto kali la kiangazi, kuna msafara uitwao second line: mbele chama chenye sare na bendi yake, nyuma yeyote anayetaka kufuata akicheza na leso au mwavuli. Vyama hivyo vimetokana na jumuiya za watu weusi za kusaidiana, ambapo wanachama walichanga ili mwenzao akiugua atibiwe na akifa azikwe kwa heshima. Kwetu ni kufa na kuzikana, ila huko kuna tuba. Pembeni mwa French Quarter, ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, kuna uwanja unaoitwa Congo Square, mahali ambapo watumwa walikusanyika Jumapili kucheza ngoma za kwao na kuuziana bidhaa. Nendeni mchana. Usiku wake mtausikia tofauti.

Wazee wetu waliziita bendi zao jazi, Morogoro Jazz, Western Jazz, ingawa walichopiga kilikuwa dansi la rumba. Ukisikiliza New Orleans unaelewa kwa nini jina lile liliwapendeza: ni muziki wa watu wengi kupuliza pamoja na mtu kusimama kucheza. Bourbon Street, iliyo maarufu zaidi, ni kitu kingine: taa, vinywaji vitamu vya rangi, bendi zinazopiga nyimbo za redio. Kundi la vijana linaloaga ukapera litafurahi. Kunywa ukitembea kunaruhusiwa, ila kwenye kikombe cha plastiki, si chupa. Na mtu akikujia akitaka mwekeane dau kwamba anajua viatu vyako umevipata wapi, endelea kutembea. Jibu lake ni kwamba unavyo miguuni, hapa Bourbon Street, na neno la Kiingereza analotumia, "got", lina maana zote mbili, kuvipata na kuwa navyo. Binamu yangu wa kati alilipa dola 20 kulijua hilo.

Chicago. Louis Armstrong mwenyewe aliondoka New Orleans mwaka 1922 akahamia huku, na nyuma yake maelfu ya watu weusi wa kusini wakapanda treni na magitaa yao kutafuta kazi za viwandani. Blues ya shamba ikatiwa umeme. Buddy Guy, mpiga gitaa wa blues, alizaliwa Louisiana, akaja Chicago mwaka 1957, na tangu 1989 ana ukumbi wake, Buddy Guy's Legends. Kingston Mines, uliopo tangu 1968, una majukwaa mawili. Bendi moja ikipumzika nyingine inaanza upande wa pili, kwa hiyo kundi halipati muda wa kuboreka na kuanza kuulizana twende wapi sasa. Kisha kuna house. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Frankie Knuckles alikuwa akipiga sahani kwenye klabu iitwayo Warehouse, na jina la muziki ule lilitokana na jina la klabu. Amapiano inayowatoa jasho Dar na Nairobi ni mjukuu wa house. Smart Bar, iliyofunguliwa 1982, bado ni mahali pa kuusikia ukoo huo. Kwa wapenzi wa ushairi, Green Mill ni baa ya jazi ya tangu 1907 ambamo mwaka 1986 mashindano ya kughani mashairi yalipata makao. Watu hunyamaza kimya bendi ikipiga, na ukizungumza utanyamazishwa.

New York ina kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake kwa kundi. Hip hop ilizaliwa Bronx, Agosti 1973. Village Vanguard, ukumbi wa chini ya ardhi wenye umbo la kabari, umekuwepo tangu 1935. Ni mdogo, kwa hiyo watu wanane wakate tiketi mapema. Salsa, dancehall, Afrobeats, bachata, vyote vipo usiku mmoja, kila kimoja saa moja ya treni kutoka kwa kingine. Kichekesho ni kwamba tangu 1926 mji huu ulikuwa na sheria iliyokataza kucheza dansi kwenye baa isiyo na leseni maalumu, na haikufutwa hadi 2017. Mji ulioipa dunia hip hop ulikuwa unaweza kumtoza faini mwenye baa kwa sababu wateja wake wametikisa mabega.

Las Vegas, kwa masikio yangu, ni dhaifu hapa, lakini nisiwaonee. Madijei wakubwa wa dunia na waimbaji wa majina makubwa hufanya maonyesho ya miezi mfululizo, kwa sauti na taa ambazo hamtaziona kwingine. Sphere, lile tufe la taa lililofunguliwa Septemba 2023, linastahili macho hata likitazamwa kwa nje. Kinachokosekana ni muziki wa mtaani, wa watu wanaoishi pale. Walio karibu nao kidogo ni wa Fremont Street, katikati ya mji wa zamani, ambako bendi hupiga bure jukwaani chini ya paa la taa.

Asiyekunywa, asiyecheza

New Orleans tena inashangaza. Preservation Hall, iliyoanza 1961, haiuzi pombe kabisa, hupokea watu wa umri wote, na onyesho halizidi saa moja. Mama mkwe anaweza kuja na baibui lake, akakaa kwenye benchi la mbao, akasikia jazi halisi bila harufu ya bia. Baada ya hapo kuna Café du Monde, ya tangu 1862, wanaouza kahawa ya maziwa na vitu vya mraba vilivyokaangwa na kufukiwa kwa sukari ya unga. Msikubali kudanganywa na jina la Kifaransa. Ni maandazi.

Las Vegas nayo ni nzuri kwa wasiokunywa, kinyume cha sifa yake: sarakasi, mazingaombwe, chemchemi za hoteli ya Bellagio zinazocheza muziki bure hadi usiku wa manane. Tatizo ni kwamba kuifikia karibu kila kitu lazima upite katikati ya mashine za kamari. New York ina maonyesho ya jukwaani na vichekesho, ila kumbi za vichekesho mara nyingi hulazimisha kununua vitu viwili, na soda ni kitu kama bia, bei zinakaribiana. Chicago inabebwa na muziki wenyewe: blues husikilizwa ukiwa umekaa, na hakuna anayekutazama ukiagiza maji ya tangawizi.

Nani aende wapi

Kundi la rika moja, pesa ipo, wanataka usiku mmoja mkubwa wa kuzungumzia miaka kumi, na wamo wanawake wa kutosha: Las Vegas, katikati ya wiki, meza ikiwa imelipiwa. Epukeni Julai, joto hupita nyuzi 40. Aliye chini ya miaka 21 msimpeleke.

Kundi la familia, umri kuanzia 21 hadi 60, wengine wanywaji wengine wa swala tano: New Orleans, Oktoba, Novemba au Machi baada ya Mardi Gras. Agosti na Septemba kuna joto la mvuke na msimu wa vimbunga uko kileleni.

Kundi lenye bajeti finyu, au lenye ndugu tayari Marekani wa kuwapokea, linalotaka kupika nyumbani na kutoka saa nne: Chicago, Mei hadi Septemba. Wenye ujasiri wa Januari waende, Buddy Guy mwenyewe kwa kawaida amekuwa akipiga ukumbini kwake mwezi huo.

Kundi dogo, wanne, au kundi kubwa lililo tayari kugawanyika mara mbili bila mtu kununa: New York. Kaeni karibu na kituo cha treni, kateni tiketi kabla ya kuruka, na kila usiku chagueni mtaa mmoja tu.

Na kama mmeshalipia New York na mko wanane, hamjapotea. Ijumaa Brooklyn kwa tiketi, Jumamosi jazi mapema kisha kila wawili waende wanakotaka, mkutane asubuhi kwenye chai. Pasipoti zote nane mfukoni. Mimi sasa huzihesabu kwenye lifti, kabla mlango haujafunguka.